Shimo linanuka yai viza: nifanye nini na mabaki ya bodi za jipsamu?

SWALI: "Nasimamia ujenzi wa nyumba sita za kupangisha huku Goba, Dar es Salaam. Dari zote na baadhi ya kuta za ndani ni bodi za jipsamu. Vipande vilivyobaki ni vingi, nakadiria tani mbili, na nyumba mbili bado hatujazimaliza. Mwezi wa pili vijana walichimba shimo nyuma ya kiwanja wakawa wanatupa humo vipande pamoja na takataka nyingine za saiti. Tangu masika ianze, shimo linatoa harufu ya yai viza, na jirani mwenye kisima ameanza kulalamika. Fundi wa dari anasema jipsamu ni chokaa tu, haina madhara, tena ni mbolea. Msimamizi mwenzangu anasema tuyachome tumalize. Shemeji yangu analima mpunga upande wa Kahe, Moshi, na shamba lake lina magadi. Amesikia jipsamu inatibu, anataka nimpelekee mzigo wote. Nimsikilize nani? Na je, bodi hizi zinarejelezeka hapa kwetu, au hayo ni mambo ya Ulaya?"

JIBU: Ndugu yangu, kati ya hao watatu, fundi wako amekosea, msimamizi mwenzako amekosea zaidi, na shemeji yako yuko karibu na ukweli, ila kuna mambo mawili hajaambiwa. Nitafika kwake. Kwanza tuongelee jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, nalo ndilo la haraka kuliko yote: hilo shimo.

Kuanzia leo mtu yeyote asiingie humo. Asishuke kuokota mbao, asishuke kufuata koleo lililodondoka, na watoto wasicheze pembeni. Zungushia mabati au kamba, na uwaambie vijana sababu, maana kijana asiyejua sababu ataruka kamba. Harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini kama maji kwenye beseni, na hila yake ni kwamba ikizidi kiwango huua kwanza uwezo wa pua kuinusa. Mtu anasema "mbona harufu imekata", kumbe ndiyo kwanza imekolea. Huku juu penye upepo, kinachokufikia ni kero tu, kichwa kuuma na macho kuwasha. Kule chini kwenye shimo la kina cha mtu, siku isiyo na upepo, baada ya mtu kuchokonoa tope, ni habari nyingine. Mafundi wa kunyonya vyoo wanaijua gesi hii vizuri. Wanajua pia kwamba huwa haichukui mmoja: wa kwanza anaanguka, wa pili anarukia kumwokoa, wote wanabaki humo.

Imetoka wapi, wakati bodi zilipoingia shimoni hazikuwa na harufu yoyote?

Jipsamu ni jiwe. Wachimbaji wetu huliita jasi, na linachimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na kule Kilwa. Ndani yake kuna kalsiamu, salfeti (yaani salfa iliyoungana na oksijeni) na maji, na maji hayo yamejifunga ndani ya jiwe lenyewe, takriban asilimia 21 ya uzito wake. Ukibeba begani bodi ya kilo 20, karibu kilo nne ni maji unayoyabeba bila kulowa. Kiwandani jiwe husagwa na kupashwa moto wa nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Robo tatu ya maji yale huondoka kama mvuke, unabaki unga mweupe, huo huo mafundi wanaouita POP. Ukiuchanganya na maji unayanywa tena, na ndani ya dakika chache unarudi kuwa jiwe. Bodi ya dari ni uji huo uliomiminwa katikati ya karatasi mbili ngumu ukaachwa ukakamata. Ndiyo maana hurejelezeka kirahisi kuliko vitu vingi vya ujenzi. Saruji ikishakamata imekamata. Jipsamu unaweza kuisaga, ukaipasha moto, ikawa unga tena, na tena.

Lakini jiwe hili lina tabia moja ambayo kokoto haina: linayeyuka. Si kama chumvi, ni gramu mbili na ushee tu kwa lita ya maji, ila masika haina haraka. Mvua ikituama shimoni, yale maji yanajaa salfeti. Halafu wapo bakteria wanaoishi pasipo na hewa, ambao hutumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni, na wanachokitoa ndiyo hiyo gesi yako. Hawahitaji makubwa: salfeti, maji yaliyotuama pasipo hewa, na chakula. Chakula wamekipata kwa vijana wako, yaani karatasi za bodi, maranda, mifuko ya saruji, na sitashangaa kama na makombo ya wali wa mama ntilie yamo. Jipsamu peke yake, kavu, haitoi gesi hiyo. Takataka nyingine peke yake hutoa harufu yake ya kawaida. Ni ndoa ya hivyo viwili ndani ya maji iliyozaa yai viza.

Hapo ndipo lilipo jibu la "mambo ya Ulaya". Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua mwishoni mwa mwaka 2002 kwamba taka za jipsamu zisizikwe pamoja na taka zinazooza. Uingereza ilikaza zaidi mwaka 2009. Huko Kanada, eneo la Vancouver lilianza kuikataa jipsamu kwenye madampo yake tangu miaka ya 1980, kwa sababu hiyo hiyo ya gesi. Kwa hiyo wenzetu hawakuanza kurejeleza bodi kwa sababu wanaipenda dunia kuliko sisi. Dampo lilikataa mzigo, gharama ya kuutupa ikapanda, na mtu akaona afadhali ausage. Sisi bado hatujafika hapo. Kirikuu lako likienda leo dampo la Pugu Kinyamwezi, vipande vyako vitalala na mabaki ya chakula ya jiji zima. Utakuwa umehamisha shimo lako kwenye shimo kubwa zaidi.

Sasa ulifanye nini. Usilifukie ukadhani umemaliza, maana kulifunika ni kuwazidishia bakteria ile hali ya kukosa hewa wanayoipenda. Acha kutupa chochote humo kuanzia leo. Chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni, na ukipata turubai kubwa litandaze juu ya vijiti, liwe na mteremko, pande zikiwa wazi hewa ipite. Mvua zikipungua, fukua kwa mashine, si kwa koleo na mtu ndani. Tandaza mzigo juani, juu ya ardhi iliyoinuka. Utakachokuta kimekuwa cheusi na kuteleza ndiko kazi ilikofanyika, na weusi huo ni salfa iliyoshikana na chuma cha udongo. Kwa kuwa chuma huikamata salfa namna hiyo, tabaka la udongo mwekundu juu ya tope wakati unasubiri mashine hupunguza harufu kwa kiasi fulani. Ni nafuu ya muda, si dawa. Mpigie afisa mazingira wa manispaa kabla ya kufukua, na kama shimo lina kina kuzidi kiuno au maji yamesimama ndani, usianze bila mtu mwenye kipima gesi. Hilo silijadili.

Tuje kwenye chokaa. Naelewa fundi wako anachoona, kitu cheupe cha unga, kinapakwa ukutani, basi ni chokaa. Ila chokaa hupunguza ukali wa tindikali kwenye udongo, na jipsamu haifanyi hivyo hata uimwage gunia zima. Mkulima wa Njombe mwenye udongo wenye tindikali akipewa jipsamu badala ya chokaa atapoteza msimu na hatajua kwa nini. Kwenye "mbolea" ana robo ya ukweli. Jipsamu ina kalsiamu na salfa, vyote mimea hula. Zao linaloifaidi waziwazi ni karanga, kwa sababu ya maumbile yake ya ajabu kidogo: ganda la karanga likiwa chini ya ardhi hufyonza kalsiamu lenyewe kupitia ngozi yake, halingoji kuletewa na mizizi. Kwenye mchanga uliochoka, kalsiamu ikikosekana pale pale ganda lilipo, unavuna maganda matupu. Umewahi kumenya karanga ukakuta hewa? Mara nyingi ndiyo hiyo. Kilo 200 hadi 500 za jipsamu safi kwa hekta, zikirushwa karibu na shina wakati wa maua, ni kipimo kinachotumika sehemu nyingi.

Kuhusu kuchoma sina mengi. Jipsamu haiungui, inaungua karatasi tu, na utabaki na unga ule ule uliochanganyika na majivu, mchafu zaidi ya mwanzo. Moto wa makaa ukiwa mkali hutoa pia moshi wa salfa unaokaba koo. Na chunguza aina ya bodi zako. Vile vigae vya dari vya sentimita 60 kwa 60, vyenye ngozi nyeupe ya kung'aa na maua yaliyochapwa, ngozi yake ni plastiki ya PVC. Hiyo ikiungua hutoa gesi ya tindikali na sumu ambazo hutaki ziwafikie wapangaji wako wa kesho.

Shemeji yako sasa. Alichosikia ni kweli kabisa, na si kipya. Magadi ni sodiamu. Chembe za mfinyanzi zikishikwa na sodiamu nyingi zinaachana, kila moja inaelea kivyake. Mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni, ukikauka unakuwa tofali, na maji hayazami, yanasimama juu mpaka yakaukie hapo. Kalsiamu ya jipsamu huing'oa ile sodiamu na kukaa mahali pake, chembe zinashikana tena, udongo unapata vitundu. Sodiamu iliyong'olewa inaondoka na maji. Hapo kwenye kuondoka ndipo wengi wanapokwama. Kama shamba halina mfereji wa kutolea maji, au maji ya chini yako karibu kama ilivyo sehemu nyingi za ukanda huo wa Moshi chini, sodiamu haina pa kwenda. Itashuka kidogo halafu kiangazi itapanda tena na uvukizi, na shemeji atasema jipsamu ni uongo.

Mwambie afanye jaribio la glasi kabla ya kutumia hata shilingi. Achukue bonge la udongo mkavu ukubwa wa punje ya harage, aliweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, asilitikise, aliache usiku kucha. Asubuhi akikuta bonge limezungukwa na wingu kama maziwa yaliyomwagika, mfinyanzi wake unaachana, na dalili ya sodiamu ipo. Maji yakibaki maangavu hata kama bonge limebomoka, tatizo lake huenda ni chumvi ya kawaida au kitu kingine, na jipsamu haitamsaidia sana. Kisha apeleke sampuli maabara ya udongo, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga au SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro, aulize sodiamu ni asilimia ngapi. Dozi inatoka kwenye namba hiyo, wala si kwa kukisia.

Jambo la pili ni la mpunga wenyewe. Jaruba lililojaa maji, lenye mabua yanayooza chini, lina tofauti gani na shimo lako la Goba? Si kubwa. Ukimwaga salfeti nyingi kwenye jaruba lenye mboji nyingi na chuma kidogo, bakteria wale wale wanaweza kutoa gesi ile ile, na mizizi ya mpunga inakuwa myeusi na kudhoofika. Udongo wenye chuma cha kutosha huikamata gesi kabla haijadhuru. Kwa hiyo jipsamu iwekwe wakati shamba ni kavu, ichanganywe na udongo, isuuzwe kwa maji yanayotoka kabisa shambani, ndipo mpunga upandwe. Asiimwage kwenye jaruba lililokwisha kujaa.

Halafu nikuulize swali la barabarani. Dozi ya magadi huhesabiwa kwa tani kadhaa kwa hekta. Tuseme ni tano, basi tani zako mbili zinatosha ekari moja. Lori lako litatoka Goba, litapita Chalinze, Korogwe, Mombo, halafu litapita Makanya, mahali penyewe jasi inapochimbwa, likiwa limebeba vipande vya bodi kuelekea Kahe! Shemeji ana wazo sahihi na mzigo usio sahihi. Anunue jasi ghafi ya Makanya, iko mlangoni kwake. Labda kama una lori linalopanda tupu kufuata mzigo Moshi, hapo hesabu inabadilika.

Kwa hiyo tani mbili zako ziende wapi? Ningeanza na mafundi wa mikanda, ile ya jipsamu inayopita ukingoni mwa dari.

Niliwahi kushinda nusu siku kwenye banda moja la kumimina mikanda na maua ya dari, hapa hapa Dar. Mzee mwenye banda alikuwa na karai la chuma juu ya mkaa, ndani yake unga aliousaga kutoka mikanda iliyovunjika. Alikuwa anaukoroga kwa mwiko mrefu kama anasonga ugali. Kwa muda haukufanya kitu. Halafu ukaanza kutokota, unga mkavu kabisa, ukiruka vibofu kama uji mzito, maana maji yaliyofungwa ndani ya jiwe yalikuwa yanatoka kama mvuke. Alisubiri mpaka kutokota kukapungua, akauepua. "Ukiuzidishia moto," aliniambia, "unakufa." Ni kweli: ukipita sana nyuzi 200 na kuendelea kupanda, unga unapoteza hamu ya maji, na ukikolea zaidi haukamati tena. Unga wa mzee ulikamata upesi mno, na hilo nalo lina sababu. Chembe chache ambazo hazikuiva hubaki kama mbegu, na jiwe jipya huota juu yake kwa haraka. Kila fundi wa POP anajua kwamba beseni lisilooshwa linamharibia mchanganyiko kwa kuukamatisha mapema. Mbegu ni hizo hizo. Kwa hiyo mzee alikuwa anachanganya unga wake kidogo kwenye unga mpya mwingi, na kuweka katani ndani ili mkanda usivunjike. Mimi ningeanza na sehemu moja kwa kumi, nimimine mkanda mmoja wa majaribio, niuache ukauke siku tatu, nijaribu kuuvunja, ndipo niongeze.

Hii si biashara ya kutajirisha. Unga wa kurejeleza ni dhaifu kidogo, unakunywa maji mengi zaidi, na vumbi la karatasi likibaki linaacha vinyweleo juu ya mkanda. Lakini kwa tani mbili, banda moja au mawili ya karibu na saiti yanaweza kukuondolea mzigo, na hata bure ni faida kwako, maana unaokoa nauli ya kwenda kutupa.

Njia ya pili ni viwanda vya saruji. Saruji yoyote unayonunua ina jasi ndani yake, kawaida asilimia tatu hadi tano, inayosagwa pamoja na klinka, yale mabonge yaliyochomwa ambayo ndiyo sehemu kubwa ya saruji, ili saruji isikamate papo hapo ukiigusisha maji. Kipo kiwanda Wazo, si mbali na wewe. Kitaalamu, jipsamu ya bodi iliyoondolewa karatasi inaweza kufanya kazi hiyo. Kiuhalisia, kiwanda hakifungui geti kwa kirikuu moja. Kinataka mzigo mkubwa, wa ubora unaofanana, na cheti cha maabara. Mkijikusanya wakandarasi wa Goba, Madale na Mbezi mkawa na banda moja kavu la kukusanyia, mazungumzo yanawezekana. Wewe peke yako utapoteza siku mapokezi.

Watengenezaji wa bodi wenyewe ndio wanaoweza kuzitumia vizuri zaidi, na Ulaya huko ndiko mzigo mwingi unakorudi. Bodi mpya inaweza kubeba hata robo ya unga uliorejelezwa. Tatizo ni karatasi. Ikisagwa na kubaki nyingi kwenye unga, uji unahitaji maji mengi zaidi, na kuyakausha maji hayo ni fedha. Bodi unazonunua zikiwa za kiwanda cha hapa nchini, muulize muuzaji wako kama lori linaloleta mzigo mpya linaweza kurudi na vipande safi. Jibu baya kuliko yote ni hapana.

Njia zote hizo zina sharti moja, na liko mikononi mwako, si mwa kiwanda: vipande viwe vikavu na viwe peke yake tangu fundi anapokata. Kipande kilicholala siku mbili kwenye tope pamoja na misumari na mifupa ya samaki hakuna atakayekitaka. Kwenye nyumba zako mbili zilizobaki, tenga chumba kimoja kilichoezekwa. Weka mbao chini, sandarusi juu ya mbao, na viroba viwili vilivyoandikwa kwa rangi. Kimoja ni cha bodi nyeupe za kawaida zisizopakwa rangi. Kingine ni cha nyingine zote: za kijani za bafuni, ambazo zina nta au silikoni ya kuzuia maji, za pinki za kuzuia moto, ambazo zina nyuzi za kioo, vile vigae vya ngozi ya plastiki, na chochote kilichokwishapakwa rangi. Kiroba cha kwanza ndicho cha mafundi wa mikanda na wa karanga. Cha pili usikipeleke shambani. Kikae kikavu mpaka upate mnunuzi, na kikishindikana kizikwe na kifusi kitupu cha tofali na zege, mahali pakavu, pasipo na kitu kinachooza.

Kutoa karatasi si kazi ngumu. Lowesha uso wa kipande kwa maji kidogo, subiri dakika kumi, karatasi inachunika kama ganda la ndizi bivu. Kisha anika kipande juani, ponda kwa nyundo, chekecha kwenye chekeche la mchanga. Skrubu zitabaki juu. Vaa barakoa nzuri, si kitambaa. Vumbi la jipsamu lenyewe linakera tu, lakini baadhi ya putty za kuzibia maungio zina silika, na hiyo ikiingia mapafuni haitoki.

Nyumba hizi ni mpya, kwa hiyo hili halikuhusu leo, ila wasimamizi huhama saiti. Siku utakapobomoa dari ya nyumba ya zamani ukakuta shiti za kijivu, ngumu, zisizo na karatasi, ambazo ukivunja ukingo unaona nyuzinyuzi, simamisha kazi. Inaweza kuwa asbesto, nayo haipondwi, haichunwi wala haichanganywi na kitu. Iite OSHA (wakala wa usalama kazini) au NEMC (baraza la mazingira) kabla hujaigusa.

Na mafundi wako wakate kwa akili. Takribani kipande kimoja kati ya kumi huishia chini kwenye saiti nyingi, na sehemu kubwa ya hapo ni vyumba vilivyopimwa bila kuangalia kwamba bodi ina upana wa mita 1.2. Kabati, kona za pazia, boksi za kuficha mabomba, vyote vinaweza kufunikwa kwa vipande. Ukimwambia fundi kwamba vipande vikavu ni vyake auze kwa watu wa mikanda, utashangaa atakavyovitunza.

Limebaki suala la kisima. Chukueni maji pamoja na jirani yako, chupa mbili safi kila mmoja akiona, mzipeleke maabara ya maji ya serikali, mpime salfeti, ugumu, na vimelea pia, kwa sababu shimo lile lilikuwa na zaidi ya jipsamu. Salfeti ikizidi miligramu 250 kwa lita watu huanza kuisikia kama uchungu, na ikizidi sana huendesha tumbo, hasa la mgeni na la mtoto. Kuchemsha kunaua vimelea ila hakupunguzi salfeti hata tone. Sabuni isiyotoa povu nayo ni dalili, muulize mama mwenye nyumba kama ameiona. Na usingoje majibu yatoke ndipo uonekane. Leo jioni mpelekee madumu ya maji ya kunywa, umwambie shimo ni lako na kwamba umeshaanza kulishughulikia.